Tobaa ya pikapu: namna ya kuchagua chuma cha kuvutia tela bila ya kujutia

Shemegi yangu wa Wete kanipigia simu wiki iliyopita, sauti ya haraka, yuko dukani Chake Chake tayari: "Shemegi, nimeona tobaa hapa, nene kama mguu wa tembo, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, anataka laki mbili u nusu, nichukue nisichukue?" Nikamuuliza tela lako na boti juu yake linafika kilo ngapi. Kimya. Nikamuuliza kikombe cha tela, kile kinachovaa boli (kile kichwa cha mviringo cha tobaa), kimepigwa muhuri wa inchi mbili au mili 50 (milimita). Kimya zaidi. Nikamwambia basi shemegi rudi nyumbani, pesa yako weka, nipe siku mbili nikuandikie. Sasa nimeandika, na kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza, naweka hapa kila mtu asome.

Tobaa ndiyo kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari ili kuvuta tela. Wengine wanaita "huku" (hook), wengine ulimi wao mzito wanasema toba kabisa, na kweli ukichagua ovyo utaleta toba. Miye nimeshakosea mara mbili. Ya mwanzo fundi mmoja alinichomelea boli kwenye bampa la pikapu, akanambia "hiyo haitoki mpaka kiyama", kiyama chenyewe kikafika mchangani Mkokotoni, maji yanakupwa, nakanyaga mafuta nitoe boti, nasikia mlio kama bati linachanika, gari imekwenda mbele na bampa limebaki na tela. Watoto wa pwani wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya pili ntaisimulia huko mbele kwa sababu hiyo haikuwa ya kuchekesha.

Kosa tunalofanya wengi ni kuanza na chuma. Tunatizama unene, tunagonga kwa kidole, tunasema hii imara. Anza na mzigo, halafu gari, halafu ndio chuma, kwa sababu kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachokupangia unavuta kilo ngapi, hata kama vyengine vyote ni vya chuma cha reli.

Hatua ya 1: jua kilo za tela likiwa limejaa

Sio kilo za kukisia. Shemegi aliniambia boti yake "haizidi mia saba". Tukakaa kwenye simu tukahesabu kimoja kimoja: boti ya faiba ya futi 23 tupu aliambiwa na aliyemuuzia ni kilo 550. Mashine ya boti ya farasi 40 ni kilo 70 na kitu. Petroli lita 60, na lita moja ya petroli ni kama gramu 740, kwa hiyo hapo kilo 45 hivi. Nyavu zikiwa mbichi, kilo 120 bila ya ubishi, maana nyavu kavu na nyavu iliyotoka majini ni vitu viwili tofauti. Nanga na kamba 30. Barafu na samaki siku ya heri, weka 80. Tela lenyewe, chuma na magurudumu, 300. Jumla imepita kidogo 1,190, sema 1,200. Na kama kuna maji yaliyobaki ndani ya boti hukuyatoa, kila lita ni kilo moja nyengine, ndoo kumi za lita kumi tayari umeongeza kilo mia. Kutoka mia saba mpaka elfu moja na mia mbili na hatujaweka mtu ndani.

Kama huvuti boti, hesabu ni ile ile. Mchanga wa kujengea, mita moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu, ukiwa umenyeshewa inazidi. Mwani mkavu mwepesi lakini mwani mbichi mzito sana, usidanganywe na wingi wake. Karafuu hesabu magunia, kila mtu anajua gunia lake.

Kama unaweza kupata mizani ya gari mahali popote, pitisha tela lako mara moja tu katika maisha, andika ile namba kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa gari.

Hatua ya 2: jua gari yako inaruhusiwa kuvuta kiasi gani

Hapa wengi tunaruka. Gari ina namba mbili za kuvuta: tela lenye breki zake wenyewe, na tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi za tani moja tunazotumia, Hilux, D-Max, Navara, Ranger, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Namba ya pili ndiyo ile wanayojisifia, Hilux mpya za 4x4 zinafika kilo 3,500, za zamani ziko chini ya hapo na zinatofautiana kwa mwaka, injini na giaboksi, kwa hiyo fungua kitabu cha gari yako wewe, usichukue namba ya gari ya jirani. Kitabu kama kimeandikwa Kijapani piga picha umpe kijana mwenye simu nzuri, siku hizi inatafsiri yenyewe.

Sasa rudi kwa shemegi: tela lake kilo 1,200 na halina breki. Yaani kabla hatujazungumza tobaa yoyote ameshapita kiasi kwa kilo 450. Na yeye yuko Pemba, si Unguja. Unguja ni sahani, Pemba ni vilima na mabonde, ukitoka Wete kwenda Chake kwa njia ya zamani ni kushuka na kupanda na kona, na kwenye kushuka tela ndilo linaloiendesha gari. Nikamwambia mambo mawili, moja ulichague: au uweke breki kwenye tela, zile za kusukuma, ambazo gari ikifunga breki tela linakuja mbele, linasukuma kikombe na kile kikombe kinavuta breki za tela, au ushushe mashine, nyavu na petroli uvitie ndani ya pikapu, ingawa na hivyo bado boti na tela peke yake ni 850. Akachagua breki. Alinung'unika lakini akachagua.

Na jengine, tobaa haiongezi nguvu ya gari. Ukifunga tobaa ya kilo 3,500 kwenye Suzuki Carry, umepata Carry yenye chuma kizito nyuma, basi.

Hatua ya 3: uzito wa pua

Huu ndio uzito ambao tela linaulaza juu ya boli. Watu hawaujui na ndio unaopindua magari. Unataka kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela, kwa boti inaweza kuwa chini kidogo ya hapo, lakini ukiwa mdogo sana au ukawa hasi, yaani pua inataka kuruka juu, tela litaanza kutikisa mkia kama mbwa ukifika spidi sitini, na likishaanza kulituliza ni kazi. Ukiwa mkubwa sana, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inapanda, usukani unakuwa mwepesi kama wa gari ya mchezo na taa zako zinamulika minazi badala ya barabara.

Nikupe hesabu uone. Tela la kilo 1,200, pua kilo 120. Boli liko kama mita moja na ishirini nyuma ya ekseli ya nyuma, na Hilux kutoka ekseli mpaka ekseli ni mita 3.085. Ni mchezo wa pembea tu: ukikalia upande huu, ule unanyanyuka. Zile kilo 120 zinaondoa karibu kilo 47 kwenye magurudumu ya mbele. Hizo unavumilia. Fanya pua iwe 300 ndio utaona usukani unavyocheza.

Kupima: kama una mizani ya kupandia mtu, weka kipande cha gogo juu yake kifike kimo cha boli, shusha pua ya tela hapo tela likiwa limenyooka, soma. Kama inapita uwezo wa mizani, chukua ubao mnene, ncha moja kalisha juu ya bomba, ncha nyengine juu ya mizani, pua ya tela iteremshe mahali ambapo kutoka kwenye bomba ni futi moja na kutoka kwenye mizani ni futi mbili, halafu namba unayosoma zidisha mara tatu (uzito wa ubao wenyewe utoe kwanza). Shemegi yeye hakuhangaika na ubao, alikwenda kuazima mizani ya kuning'iniza inayopimia mwani, akaifunga kwenye tawi la mwembe, akanyanyua pua. Kilo 60. Ndogo. Tukaisogeza boti mbele juu ya tela kama shibiri moja na nusu, akafunga tena, ikasoma 115. Tawi lilikuwa madhubuti alhamdulillah.

Hiyo 115 ishike, kwa sababu tobaa nayo ina kikomo chake cha uzito wa pua, na huo uzito unaingia pia kwenye hesabu ya mzigo wa gari. Ukiwa na watu wanne, magunia nyuma na pua ya kilo 115, vyote ni mzigo.

Hatua ya 4: chagua aina

Boli kwenye bampa: nimeshakusimulia. Kuna bampa za chuma za kiwandani zenye tundu la boli, hizo ni za kigari kidogo cha majani, mzigo mwepesi. Bampa la kawaida lenye boli la kuchomelea, hapana.

Tobaa ya ulimi wa kudumu: bamba limefungwa kwenye chesisi, boli liko hapo siku zote. Rahisi, nafuu, haina cha kupotea. Ubaya wake ni ugoko. Kila mtu mwenye pikapu ya aina hii ana kovu kwenye ugoko, na kwenye maegesho ya Darajani utaligongea gari ya mtu.

Tobaa ya soketi ya mraba: kuna bomba la mraba limefungwa chini, unaingiza ulimi wenye boli, unatia pini na klipu, ukimaliza unauchomoa unauweka ndani. Bomba la inchi mbili kwa mbili ndilo la kawaida kwenye pikapu, lipo dogo la inchi moja na robo, hilo waachie magari madogo. Miye natumia hii ya inchi mbili na sitaki nyengine, kwa sababu kwetu sisi adui wa mwanzo ni chumvi, na kitu unachoweza kukichomoa ukakiosha ukakipaka grisi ukakifungia ndani kitakaa miaka. Lakini nisikudanganye, nayo ina ugonjwa wake: ukiuacha ulimi mle ndani miezi mitatu, mchanga na chumvi vinashikana na kutu, hautoki tena hata kwa nyundo ya kilo nane. Jamaa mmoja alikuja kuukata kwa grenda. Kwa hiyo kama wewe ni mvivu, na unajijua, chukua ya kudumu.

Kuna na ile huku ya taya, inafunga kama mdomo wa kasa, tela lina pete. Hiyo ya malori na mashine za kazi, inapiga kelele na inacheza, kwa boti huna haja nayo.

Hatua ya 5: soma sahani na mihuri

Tobaa nzuri imebandikwa sahani au imepigwa muhuri. Kama haina chochote, hata iwe nene kama nguzo ya umeme, hujui unanunua nini.

Ikiwa ya kufuata taratibu za Ulaya utaona herufi E ndani ya duara, maandishi 55R, halafu herufi D na namba, na herufi S na kilo. S ni ule uzito wa pua tuliopima, kama S ni 100 na pua yako ni 115, si yako hiyo. D ndiyo nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela, na hesabu yake haina uchawi: chukua tani za gari ikiwa imejaa, zidisha kwa tani za tela likiwa limejaa, gawa kwa jumla ya zote mbili, halafu zidisha kwa 9.81. Gari ya shemegi ikijaa ni tani 2.9, tela 1.2. Ukizidisha unapata 3.48, ukigawa kwa 4.1 unapata kama 0.85, mara 9.81 unapata 8.3. Kwa hiyo tobaa yenye D ya 10 inamtosha na inabaki. Kama angevuta tani mbili na nusu ingefika 13 na kitu na hapo ile ya 10 haifai.

Ikiwa ya Kimarekani wao wana madaraja. Daraja la 1 mwisho ratili 2,000, la 2 ratili 3,500, la 3 mpaka ratili 8,000. Na hapa ndio mtego: imeandikwa 3,500, muuzaji anakwambia hii inavuta tani tatu na nusu. Si kilo, ni ratili. Ratili 3,500 ni kilo 1,588 tu. Ukiona LBS pembeni ya namba gawa kwa mbili, punguza kidogo, umepata kilo. Ile tobaa ya Chake shemegi aliponitumia picha nikakuza, ndiyo hiyo hiyo, 3,500 LBS, na aliambiwa tani tatu na nusu. Sisemi muuzaji mwongo, pengine na yeye hajui. Kwa tela la kilo 1,200 ingemfaa bado, ila bei aliyotajiwa ilikuwa ya tani tatu na nusu.

Hatua ya 6: boli na kikombe ni mke na mume

Hii ndiyo ile ya pili niliyosema. Nilinunua tela la mtumba, kikombe chake cha inchi mbili, boli langu la mili 50. Inchi mbili ni mili 50.8. Mili sifuri nukta nane, unene wa kadi ya simu, nani ataona kwa macho? Likaingia vizuri, tena likaingia kwa raha, na hiyo raha ndiyo iliyotakiwa inishtue. Nikatoka Mkokotoni nikapita Mahonda salama, nikafika kwenye tuta kabla ya Bububu, gari imeruka tela limeruka, kikombe kimechomoka. Walioniokoa ni Mwenyezi Mungu na cheni mbili. Nyuma yangu kulikuwa na kijana na vespa amempakia mama yake. Siku ile sikula.

Basi: kikombe cha inchi mbili kinataka boli la inchi mbili. Kikombe cha mili 50 kinataka boli la mili 50, ukikilazimisha kwenye boli la inchi mbili kitabana na loki haitofunga sawasawa. Usipime kwa macho wala kwa futi ya fundi seremala, tafuta muhuri, boli limeandikwa juu kichwani na kikombe kimeandikwa kwa juu au ubavuni. Muhuri ukishaliwa na kutu, kapime kwa kalipa kwa fundi wa mashine. Yapo na ya inchi moja na saba ya nane, na ya inchi mbili na tano ya kumi na sita, kwa hiyo wakikupa boli bila ya kukuuliza kikombe chako saizi gani, uliza wewe.

Boli nalo lina uwezo wake umeandikwa kwa kilo au ratili. Shina lake lazima lilingane na tundu la ulimi, si shina jembamba tundu pana ukajazia washa. Na tafadhali boli lisichomelewe. Chuma kile kimefuliwa na kupikwa kwa moto maalumu, ukikichomelea kinakuwa kikavu kama biskuti, siku moja kinakatika shingoni bila ya kukupigia hodi.

Hatua ya 7: kimo

Tela likiwa limeunganishwa linatakiwa likae sawa na ardhi, au pua ishuke kidogo tu. Pikapu zetu ziko juu, na watu wanazidi kuzinyanyua kwa springi, tela la boti liko chini ili liingie majini. Lisimamishe tela sawa, pima kutoka chini mpaka ndani ya kikombe, halafu pima gari kutoka chini mpaka bomba la mraba, tofauti yake ndiyo inayokwambia ununue ulimi wa kushuka kiasi gani. Pima gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida, si tupu. Hapo ndipo soketi ya mraba inapoipiku ya kudumu: ulimi unaubadilisha, bamba la kudumu likishafungwa limefungwa.

Hatua ya 8: ukienda kwa fundi, simama hapo hapo

Tobaa iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ya gari yako inaingia kwenye matundu yaliyopo tayari kwenye chesisi, hiyo ndiyo bora. Ukiikosa, mafundi wetu wanaweza kutengeneza, wapo wa Mwanakwerekwe wana mikono ya dhahabu, lakini mwambie unachotaka kabla hajawasha mashine. Mikono miwili iende mbele sambamba na chesisi, kila upande bolti mbili kwa uchache, bora tatu. Bamba la mili 8 au 10. Bolti zenye namba 8.8 au 10.9 juu ya kichwa, zisizo na namba rudisha. Chesisi ni boksi tupu ndani, ukikaza bolti linabonyea, kwa hiyo atie kipande cha bomba ndani bolti ipite katikati yake. Asichomelee kwenye chesisi, chesisi ikipashwa moto inadhoofika pembeni ya mchomo na ufa unaanzia hapo. Kila tundu alilotoboa lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijapita, sio baada.

Kama unapata iliyochovywa zinki, ile ya kijivu isiyong'aa, lipa zaidi uichukue. Rangi nyeusi inayong'aa ni nzuri dukani. Masika moja na safari ishirini za pwani, utaona imeanza kutoka magamba kama samaki wa changu.

Hatua ya 9: cheni na taa

Cheni mbili, zipite msalaba chini ya pua, ili kikombe kikichomoka kiangukie juu ya zile cheni kisichimbe barabara. Zifungwe kwenye tobaa yenyewe, si kwenye bampa. Kila moja iweze kushika uzito wa tela zima. Zisiburute chini na zisibane ukikata kona. Kamba ya nailoni ya kuvulia si cheni, najua ni madhubuti, najua umevutia papa kwayo, si cheni.

Taa: plagi ya kawaida ina pini saba, na rangi za waya kwa mpango wa Ulaya ni hizi, njano indiketa ya kushoto, bluu taa ya ukungu, nyeupe ethi (waya wa ardhi), kijani indiketa ya kulia, kahawia taa ndogo ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto. Ethi ipite kwenye waya wake mweupe, wale wanaotegemea boli lipitishe ethi ndio taa zao zinawaka zinazima kila tuta. Tela la Kimarekani lenye waya nne ni tofauti, kule breki na indiketa vinatumia waya mmoja, ukiunganisha moja kwa moja utapata mambo ya ajabu, unakanyaga breki inawaka indiketa, tafuta fundi umeme akutilie kile kisanduku cha kubadilishia. Na kabla ya kurudi nyuma kuingia majini, chomoa plagi. Globu ya moto ikiguswa na maji ya baridi inapasuka.

Hatua ya 10: jaribu kabla hujaondoka

Kikombe kikishakaa juu ya boli na loki imefungwa, zungusha jeki ya tela kama unataka kuinyanyua pua. Nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja nayo, imeshika. Kikombe kikitoka peke yake, bora kimetoka hapo kuliko Bububu. Halafu nenda mita hamsini, piga breki, shuka utizame. Bolti za tobaa mpya zikaze tena baada ya safari ya mwanzo, Mjini mpaka Nungwi na kurudi inatosha, utashangaa zilivyolegea.

Pwani chagua wakati. Bamvua maji yanakwenda mbali, utashusha gari kwenye mchanga laini mpaka tumboni, afadhali usubiri yajae yakufuate. Mchanga ukiwa mbaya acha gari pakavu, lifunge tela kwa kamba ndefu kwenye tobaa uvute taratibu kwa gia ndogo, bila ya kuruka ruka na klachi.

Na beringi za magurudumu ya tela zipe dakika ishirini zipoe kabla ya kuzitia majini. Zikiingia moto, hewa ndani inasinyaa ghafla na inanyonya maji ya chumvi. Huo ndio ugonjwa wa matela yote yaliyolala kando ya barabara bila ya gurudumu moja.

Chumvi, kila safari

Maji matamu ndoo tatu, tobaa, kikombe, cheni, breki. Ulimi uchomoe, futa, paka grisi shina zima. Boli nalo grisi kidogo, na grisi ya zamani ifute kwanza maana ikishachanganyika na mchanga inakuwa msasa, inalila boli mpaka linapungua saizi na hapo unarudi kwenye ile kesi yangu ya mili 0.8.

Shemegi alichukua ya soketi ya mraba, D 10.4, S 150, boli la mili 50 sawa na kikombe chake, ilikuja na meli kutoka Unguja juzi, keshafunga na breki za tela zinatengenezwa. Jana kanipigia tena, si kuhusu kuvuta, ni kuhusu kanzu. Ijumaa alipita nyuma ya gari akaenda msikitini na doa la grisi kama sahani, mkewe hasemi naye. Nikamwambia kamata kifuu cha nazi, kile kidogo, livishe boli.